Kanisa la Mraba la Burntisland

Kanisa la parokia la Burntisland liko Fife, Scotland, katika mji wa bandari unaotazamana na Edinburgh ng'ambo ya ghuba ya Forth. Ujenzi wake ulianza mwaka 1592, miaka 32 baada ya Scotland kuachana rasmi na mamlaka ya Papa. Ukitaka kuelewa ramani yake, anza na mahubiri.

Makanisa ya zamani yalikuwa marefu na membamba, yakielekea altare upande wa mashariki. Ibada ilipogeuka kuwa ya kusikiliza Neno, waliokaa nyuma waliambulia mwangwi tu. Parokia nyingi zilihamishia mimbari katikati ya ukuta mrefu na kuongeza bawa mkabala nayo, jengo likawa na umbo la herufi T. Burntisland walijenga upya kabisa, wakachagua mraba wenye takriban mita 18 kila upande.

Katikati zipo nguzo nne nene zilizounganishwa kwa matao ya nusu duara, nazo ndizo zinazobeba mnara. Tao halikandamizi chini tu, husukuma pia pembeni. Kila nguzo hupokea msukumo kutoka matao mawili yaliyokutana kwa pembe ya nyuzi 90, kwa hiyo jumla yake huelekea kona ya jengo. Uzito wa mnara husaidia kuzikaza nguzo zisihame. Kasoro ipo: ukipangiwa kiti nyuma ya nguzo, mhubiri utamsikia bila kumwona.

Roshani za mbao zimezunguka ndani, zikiwa na michoro ya rangi ya vyama vya mafundi na mabaharia. Mabaharia walikuwa na ngazi yao ya nje, ili maji ya bahari yakijaa vya kutosha kwa safari waondoke bila kuvuruga ibada. Kiti cha heshima cha mwaka 1606, kilichotengenezwa kwa ajili ya Sir Robert Melville, mwenye kasri la mji huo, kingali ndani. Sehemu ya juu ya mnara ni ya baadaye, ya mwaka 1749.

Kuta za mawe za umri huu huharibiwa mara nyingi na ukarabati wenyewe, hasa saruji. Jiwe la mchanga hunyonya mvua, na unyevu unapaswa kutokea kwenye viungio vya chokaa, ambavyo ni laini kuliko jiwe. Ukiviziba kwa saruji, maji hutokea kwenye uso wa jiwe. Chumvi na barafu huubandua tabaka kwa tabaka, kiungio kikabaki kimechomoza. (Mafundi wa Lamu na Zanzibar wanaujua ugonjwa huu kwenye mawe ya matumbawe, ingawa kwao hakuna barafu.)

Kuziba viungio upya, kwangua chokaa iliyooza kwa patasi, kina kiwe angalau mara mbili ya upana wa kiungio na kisipungue milimita 25. Mashine ya kukatia hukwaruza kingo za mawe, iache. Osha vumbi, lowesha jiwe, kisha shindilia mchanganyiko wa chokaa sehemu 1 kwa mchanga mkali (wenye chembe zenye kingo, si laini) sehemu 2.5 hadi 3. Funika kwa magunia yenye unyevu kwa siku kadhaa, maana chokaa ikikauka haraka hugeuka unga. Baridi ikikaribia nyuzi 5 za Selsiasi, simamisha kazi. Ndiyo sababu Scotland kazi hii hufanywa kati ya majira ya kuchipua na mwanzo wa vuli.