Kalsiamu Sita Ndani ya Mfupa Mmoja

Neno "isotopu" likitajwa, wengi hukunja uso. Wamezoea kulisikia pamoja na mabomu na taka za nyuklia, kwa hiyo kila tunapotoa mafunzo hakosekani anayeuliza kama maziwa yenye isotopu ni salama kwa mtoto. Swali ni la haki, na jibu lake ni kwamba hakuna maziwa yasiyo na isotopu, yaani aina za atomi za elementi moja zinazotofautiana kwa uzito. Chukua dagaa mmoja mkavu, mweke kiganjani, umvunje: ule mfupa mwembamba kama uzi una kalsiamu za aina sita. Zimo pia kwenye chaki ya ubaoni, kwenye chokaa ambayo watu wa pwani wameichoma kwa matumbawe tangu zamani, na kwenye meno yako.

Kinachoifanya kalsiamu iwe kalsiamu ni protoni 20 katika kiini cha atomi. Ikipungua moja unapata potasiamu, ikizidi moja ni skandiamu. Nje ya kiini ziko elektroni 20 zilizopangwa kwa matabaka: 2, 8, 8, kisha 2 za mwisho. Hizo mbili za mwisho ndizo kalsiamu huziachia inapoungana na vitu vingine, na ndizo zinazoamua tabia yake yote ya kikemia.

Tofauti iko kwenye nyutroni, chembe zisizo na chaji zinazokaa kiinini pamoja na protoni. Kalsiamu-40 ina nyutroni 20, kalsiamu-44 ina 24, kalsiamu-48 ina 28. Namba inayofuata jina ni jumla ya protoni na nyutroni, basi. Katika atomi 100 za kalsiamu, karibu 97 ni za 40 na kama 2 ni za 44. Zile za 42, 43 na 48 ni chache mno, na ya 46 ni adimu kuliko zote: atomi 4 hivi katika 100,000.

Kwa kuwa elektroni ni zilezile, mwili huzipokea zote sita kama kalsiamu tu. Ila uzito haufanani, na hapa ndipo jambo linaponivutia zaidi. Mfupa unapojengwa huchukua zile nyepesi kwa wingi kidogo, na nzito hubaki kwenye damu na mkojo. Mfupa ukianza kumomonyoka, nyepesi hurudi kwenye damu na kuonekana kwenye mkojo. Mwaka 2012, watafiti wa Marekani wakishirikiana na NASA, shirika la anga za juu la nchi hiyo, walitoa matokeo ya watu waliojitolea kulala kitandani bila kuinuka. Kwa kulinganisha kalsiamu-44 na kalsiamu-42 katika mkojo wao, dalili za kupungua kwa mfupa zilionekana ndani ya siku 10 hivi, mapema kabla eksirei haijaweza kuona chochote.

Tena kuhusu maziwa ya mtoto: wataalamu wa lishe wakitaka kujua mwili unanyonya kalsiamu kiasi gani, huweka isotopu moja kwenye maziwa na kuingiza nyingine kwenye mshipa, kisha hupima mkojo. Isotopu wanazochagua hazitoi mionzi, ndiyo maana kipimo hiki kimefanywa hata kwa watoto na wajawazito.

Zenye kutoa mionzi zipo pia, wala si siri. Kalsiamu-45 hutengenezwa kwa matumizi ya maabara, na nusu ya atomi zake huisha katika siku 163 hivi.

Halafu kuna kalsiamu-48. Protoni na nyutroni nazo hujipanga kwa matabaka kiinini, na tabaka hujaa zikifika 2, 8, 20 au 28. Maria Goeppert Mayer na Hans Jensen, walioeleza mpangilio huo, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Kalsiamu-48 imejaa pande zote mbili, 20 kwa 28. Huoza, yaani kiini chake hubadilika na kutoa mionzi, lakini polepole kiasi kwamba nusu yake huhitaji muda unaozidi umri wa ulimwengu zaidi ya mara bilioni moja. Huko Dubna, Urusi, wanasayansi waliirusha kwa kasi kubwa ikagonge kalifoniamu, elementi yenye protoni 98. Jumlisha na 20: ndivyo ilivyopatikana elementi ya 118, oganesoni. Na kalsiamu-48 hiyohiyo imo katika dagaa wako, atomi kama 19 katika kila 10,000.