Malkia wa Nani?

Jioni moja barazani Ngamiani, hapa Tanga, nilikuwa nikisimulia habari za Shajar al-Durr wa Misri, mzee mmoja akanikatiza: "Mwalimu, huyo alikuwa malkia wa nani?" Sikumlaumu, kwa kuwa Kiswahili chetu humwita malkia mke wa mfalme na pia mwanamke anayetawala mwenyewe, nami ninayesomesha historia naona swali hilohilo ndilo lililowasumbua watawala wanawake kuliko hata vita.

Shajar al-Durr alikalia kiti cha enzi mwaka 1250, baada ya kuficha kifo cha mumewe, Sultani al-Salih Ayyub, ili jeshi lisivunjike moyo wakati Louis wa 9 wa Ufaransa ameivamia Misri. Jina lake lilitajwa katika hotuba ya Ijumaa na likapigwa kwenye sarafu, na hizo ndizo zilizokuwa alama za enzi. Lakini tazama alivyojitambulisha: mama wa Khalil, mtoto aliyekuwa amekwisha kufa angali mchanga. Ilimbidi aegemee jina la mwanamume, hata kama ni marehemu. Khalifa wa Baghdad hakumkubali, maamiri wa Sham, yaani Syria, wakakataa kumtii, na kabla ya miezi mitatu kutimia akamwachia enzi Aybak, kamanda wa Kimamluki, yaani wa wale askari waliokuwa na asili ya utumwa, aliyemwoa.

Kwa maoni yangu, ndoa ndiyo iliyokuwa mtego mkubwa. Mary wa Kwanza wa Uingereza alipokusudia kuolewa na Philip wa Hispania, raia waliochelea kutawaliwa na mgeni walimwasi mwaka 1554. Mdogo wake Elizabeth hakuolewa kabisa, na kwa miaka mingi Bunge lilimshikilia aolewe, apatikane mrithi.

Karibu na kwetu, Jumbe Fatima wa Mwali, katika visiwa vya Komoro, alirithi enzi mwaka 1842 akiwa mtoto wa miaka kama 5. Wafaransa wakampelekea mlezi wa Kifaransa, na Fatima baadaye akaolewa na mume kutoka Unguja, hata ikawa nyumba yake ndiyo uwanja ambamo mataifa yalipimana nguvu.

Yule mzee hakuridhika. Alitaka kujua Aybak aliishia wapi. Nikamwambia kwamba aliuawa hamamuni mwaka 1257 kwa amri ya mkewe, alipokusudia kuoa binti wa mtawala wa Mosul, na kwamba siku chache baadaye mke naye akauawa. Mzee akanyamaza kitambo, kisha akaagiza kahawa nyingine.