Jeti za nyota changa: yanayodhaniwa na yalivyo

"Jeti ni mabaki, gesi ambayo nyota imeshindwa kuimeza."

Hii ndiyo dhana potofu kuliko zote kuhusu jeti, yaani mikondo myembamba ya gesi inayorushwa kwa kasi kutoka karibu na nyota changa, kwa sababu inaligeuza jambo lenyewe miguu juu. Pasipo kuitupa nje sehemu ya gesi, nyota isingekua. Chukua gesi iliyo mbali na kitovu cha wingu mara 10,000 ya umbali wa Dunia na Jua, ikizunguka kwa mita 1 tu kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Ikiporomoka hadi ukubwa wa Jua bila kupoteza mzunguko wake, nusukipenyo kitapungua zaidi ya mara milioni 2 na mwendo utaongezeka kwa kadiri hiyo hiyo, upite kilomita 2,000 kwa sekunde. Nyota yenye tungamo na ukubwa wa Jua husambaratika ikizunguka kwa takriban kilomita 440 kwa sekunde. Kwa hiyo gesi haifiki. Hukwama kwenye sahani ya gesi na vumbi inayoizunguka nyota, mpaka mzunguko ule upate pa kwenda.

Jeti ni mojawapo ya njia za kuutoa. Mistari ya uga wa sumaku hujikita kwenye sahani na kuzunguka nayo. Ikiinama zaidi ya digrii 30 kutoka kwenye mhimili wa mzunguko wa sahani, gesi huteleza juu yake kuelekea nje, kama ushanga kwenye waya unaozungushwa. Mistari hiyo ikiishikilia gesi hadi umbali wa mara 3 ya ule ilipoanzia, kila gramu inayotoka huchukua mzunguko wa gramu 9 za pale ilipoanzia, maana hesabu hii huenda kwa mraba wa umbali. Ndiyo sababu kutupa takriban moja ya kumi ya gesi kunatosha kuiruhusu iliyobaki iingie. Mwaka 2017, vipimo vya darubini ya redio ya ALMA iliyoko Chile vilionyesha kuwa jeti iitwayo HH 212, katika kundinyota la Orion, inazunguka kwenye mhimili wake. Kutokana na mzunguko huo ilikadiriwa kuwa jeti inaanzia ndani kabisa ya sahani, karibu 0.05 ya umbali wa Dunia na Jua.

"Mwanga wa nyota ndio unaoisukuma gesi."

Katika nyota changa ndogo, momenta (tungamo mara kasi) ya gesi inayotoka mara nyingi huizidi ile ambayo mwanga wote wa nyota ungeweza kuitoa, mara 100 hadi 1,000. Mwanga hautoshi.

"Mabonge yanayong'aa kwenye jeti ni nyota zinazozaliwa."

Wanaastronomia George Herbig na Guillermo Haro walipoyachunguza mabonge haya mwishoni mwa miaka ya 1940, swali hilo lilikuwa halali. Mwaka 1975 mwanaastronomia Richard Schwartz alieleza kuwa spektra yake, yaani mwanga wake uliotawanywa kwa rangi, ni ya mawimbi ya mshtuko. Gesi ya kasi huigonga ile ya polepole iliyotangulia, ikapata joto na kung'aa. Mistari miwili ya salfa kwenye spektra hiyo, kwenye nanomita 671.6 na 673.1, ina manufaa makubwa hapa: uwiano wa mng'ao wake hutoa msongamano wa elektroni.

"Jeti na mtiririko mpana wa gesi ni kitu kimoja."

Jeti ni nyembamba na huenda kilomita 100 hadi 400 kwa sekunde. Mtiririko mpana, unaoonekana kwa kaboni monoksidi kwenye mawimbi ya milimita 2.6, mara nyingi huenda kilomita 1 hadi 30 tu kwa sekunde, na sehemu kubwa yake ni gesi ya wingu iliyosombwa njiani. Ule wa L1551, wingu lililo katika kundinyota la Taurus, ulielezwa mwaka 1980 ukiwa na mikono miwili, mmoja unatujia na mwingine unatukimbia. Picha ikionyesha upande mmoja tu, usikimbilie kusema jeti ni moja. Mara nyingi ule wa pili umefichwa na vumbi, kama wa jeti ya HH 34 uliokuja kuonekana kwa darubini ya infraredi ya Spitzer.

"Kasi iliyopimwa kwa Doppler ndiyo kasi ya jeti."

Doppler, yaani kupima kasi kwa mabadiliko ya urefu wa mawimbi ya mwanga, hupima sehemu ya mwendo inayoelekea kwetu au kututoka, basi. Jeti iliyoinama digrii 80 kutoka kwenye mstari wetu wa kutazama ikionyesha kilomita 20 kwa sekunde, kasi yake halisi ni karibu 115. Kosa hili likiingia, umri wa mtiririko na nishati yake vyote huharibika. Dawa yake ni kupima pia mwendo wa mabonge angani, kwa picha zilizopishana miaka. Kwa jeti ya kilomita 300 kwa sekunde iliyo umbali wa miaka ya nuru 1,300, bonge husogea karibu sekunde 0.16 za tao kila mwaka (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii). Katika miaka 14 hizo ni zaidi ya sekunde 2 za tao, na darubini ya Hubble huuona mwendo huo waziwazi.