Je, wajua kwa nini skauti husalimiana kwa mkono wa kushoto?

Jumamosi moja hapa Mombasa bibi mmoja alimleta mjukuu wake kwenye mazoezi yetu ya skauti. Mtoto akakimbia hadi kwa mwenzake, akanyoosha mkono wa kushoto, mwenzake naye akaupokea kwa kushoto. Bibi alisimama palepale. Kwa mtu aliyelelewa Pwani, mkono huo hautolewi kwa watu: humpi mtu pesa kwa kushoto, hupokei sahani kwa kushoto, na kumsalimia mtu kwa kushoto ni kumvunjia heshima. Akanijia polepole akaniambia, "Mwalimu, huyu sisi tumemfunza adabu nyumbani. Huku mnamfunza nini?"

Swali lake lilikuwa la haki, na jibu lake lina safari ndefu.

Hadithi inayosimuliwa kambini duniani kote inatoka Ghana ya leo. Robert Baden-Powell, mwanajeshi Mwingereza aliyekuja kuanzisha uskauti, alikuwamo katika msafara wa kijeshi uliopelekwa Kumasi, makao makuu ya ufalme wa Ashanti, mwaka 1896. Inasemekana chifu mmoja wa huko alimpa mkono wa kushoto, akamweleza kwamba mkuki hushikwa kulia na ngao kushoto. Anayetoa mkono wa kushoto ameitua ngao yake chini, na mtu haitui ngao ila mbele ya yule anayemwamini. Wengine hueleza kwa kifupi zaidi, kwamba kushoto ndiko uliko moyo. Njia zote mbili zinafika pamoja: salamu ile ni ya kuaminiana.

Bibi alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza neno moja tu: "Na kwangu?" Nikamwambia kwake ni shikamoo na mkono wa kulia, kama alivyomlea. Salamu ya kushoto ni ya skauti kwa skauti. Akaridhika, akaketi kwenye benchi, na tangu siku hiyo nimejizoesha kukaa na kila mzazi mgeni angalau nusu saa. Mtoto hurudi nyumbani na maneno ambayo mzazi hajawahi kuyasikia, na asipoelezwa hubaki anakisia. Wapo wanaodhani tunafunza jeshi kwa sababu ya sare ya kaki na gwaride la sikukuu za taifa. Hatufunzi jeshi. Baden-Powell alikuwa jenerali, lakini alipowakusanya wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, Agosti 1907, aliwafunza kupika, kufunga kamba, kusoma nyayo na kuokoa maisha.

Jambo la kwanza utakaloliona ni skafu, kile kitambaa kinachozungushwa shingoni na kubanwa kwa kipete. Rangi zake ni za kundi lake, ndiyo maana utaona watoto wa kundi jingine wamevaa tofauti. Mtoto hapewi skafu kwa kuwa ada imelipwa. Huhudhuria kwanza, akajifunza ahadi na sheria, ndipo akavishwa. Kwa hiyo mwanao akikwambia "wiki ijayo navishwa skafu", jua ndiyo siku anayotoa ahadi yake mbele ya watu na kuingia rasmi. Nakuomba, siku hiyo usimtume dada wa kazi. Nimewaona watoto wakiinua vidole vitatu huku macho yakitafuta langoni.

Tena skafu si pambo. Ikikunjuliwa ni pembetatu, na pembetatu ya kitambaa ni bandeji ya kuning'iniza mkono uliovunjika. Hapo ndipo fundo la kwanza tunalofunza linapata kazi. Chukua ncha mbili za kitambaa ujaribu. Ncha ya kulia ipite juu ya ile ya kushoto, izunguke chini, vuta. Sasa ile iliyokuja kushoto irudi juu ya iliyo kulia, izunguke chini, vuta tena. Ukifanya sawasawa, fundo linalala bapa kama kiganja, na halimchomi mgonjwa shingoni. Ukikosea ukapitisha upande uleule mara mbili, linakaa mshazari na huteleza. Watoto huimba "kulia juu ya kushoto, kushoto juu ya kulia" hadi nyumba nzima inakariri. Wavumilie. Fundo hilohilo, lililofungwa kwa kamba, ndilo lililo kwenye nembo ya skauti wa dunia, chini ya lile ua lenye ncha tatu linalofanana na alama ya kaskazini kwenye ramani za zamani.

Kuna fundo jingine dogo ambalo mzazi hulifungua akidhani ni uchafu wa michezo. Ukilikuta kwenye ncha ya skafu, liache. Skauti anatakiwa atende angalau tendo jema moja kila siku, bila malipo na bila kujitangaza. Baden-Powell mwenyewe aliwashauri wavulana wafunge fundo la ziada kwenye kitambaa cha shingo kama ukumbusho, walifungue wakishalitenda. Fundo lililobaki hadi jioni ni deni. Nilipata kumwona mtoto wa miaka 9 akitoka mbio saa kumi na mbili kwenda kumchotea jirani maji kwa sababu fundo lilikuwa bado.

Vidole vitatu ndiyo saluti, na kila kidole kina sehemu yake ya ahadi: wajibu kwa Mungu na nchi, kuwasaidia watu wengine, na kutii Sheria ya Skauti. Tazama pia kidole gumba. Hakikai bure, kimelala juu ya kidole cha mwisho kukifunika: mwenye nguvu anamlinda mdogo. Kila mtoto hutoa ahadi kwa imani yake, Mwislamu, Mkristo, Mhindu, na hakuna anayeombwa kuacha ya kwao.

Sasa nifike kwenye neno ambalo kwangu ni zito kuliko yote: patroli. Ni kikundi cha watoto sita hadi wanane ndani ya kundi kubwa. Wana jina lao, kwa kawaida la mnyama au ndege, wana bendera yao na mlio wao, na wana kiongozi ambaye ni mtoto mwenzao. Pale Brownsea patroli zilikuwa nne, kila moja na jina la mnyama au ndege na uzi wa rangi yake begani. Sifa ya mpango huu ni kwamba mkubwa anarudi nyuma. Kiongozi wa patroli mwenye miaka 13 ndiye anayeamua nani atapika, nani atachanja kuni, nani atalinda vyombo. Atakosea. Wali utaungua, hema litaezekwa pasipo mfereji na mvua itaingia. Hapo ndipo wazazi wengi hushindwa kuvumilia, huja kwangu kunilalamikia kwamba "mtoto mwenzake anamwamrisha". Mpe nafasi. Baada ya miezi kadhaa mwanao ndiye atakayekuwa anaongoza, na atakumbuka wali ule.

Kuhusu umri, huku Kenya majina ni matamu na ni ya kwetu. Wadogo kabisa, kuanzia miaka 6 hivi, ni Sungura, yule mjanja wa hadithi za bibi. Wakifika miaka 11 au karibu yake huwa Chipukizi, kisha Mwamba katika miaka ya kati ya ujana, na kuanzia miaka 18 ni Jasiri. Tanzania utasikia kabu kwa wadogo na rova kwa vijana wakubwa. Na usishangae ukisikia mwalimu mzima anaitwa Akela. Ni jina la kiongozi wa mbwa mwitu katika The Jungle Book cha Rudyard Kipling. Baden-Powell alilichukua alipoanzisha rasmi tawi la watoto wadogo mwaka 1916, na likabaki kwa viongozi wao katika nchi nyingi. Wasichana wana chama chao cha Girl Guides kilichoanza mwaka 1910, ingawa siku hizi makundi mengi ya skauti hupokea wavulana na wasichana pamoja.

"Uwe Tayari" ndiyo kaulimbiu. Mzazi huisoma kwenye beji akaipenda, halafu siku ya kambi anaivunja kwa mikono yake mwenyewe. Anampakia mkoba usiku, mtoto amelala. Mtoto akifika kambini hajui tochi iko wapi, hajui kama ana soksi za pili, na ndani kuna chupa ya sosi aliyoiweka mama kwa mapenzi. Tunatoa orodha mapema kwa makusudi. Msomee, mtandazie shuka sakafuni, apange vitu juu yake kimoja kimoja, wewe kaa kando utazame. Akisahau kijiko, atachonga kimoja cha kijiti au ataazima. Dawa zake ndizo nisizozifanyia mchezo: hizo mkabidhi kiongozi mkononi, na maandishi.

Na kabla hujamruhusu kwenda kambini, nawe uwe tayari. Uliza ni nani wanaolala kambini, kuna wakubwa wa kike ikiwa kuna wasichana, nani ana mafunzo ya huduma ya kwanza. Mtu mzima mmoja hatakiwi kubaki peke yake na mtoto mmoja mahali pa faragha. Kiongozi mwema hatakasirika ukimuuliza hayo, na anayekasirika msimpe watoto.

Kumjua kiongozi aliyefunzwa, tazama shingoni. Ukiona ugwe wa ngozi wenye vipande viwili vya mti, huyo amemaliza mafunzo ya viongozi yanayoitwa Beji ya Mti. Vitatu au vinne ni wa wanaofunza viongozi wengine. Mafunzo hayo yalianza Gilwell, karibu na London, Septemba 1919, na vipande vya kwanza vilitoka kwenye ushanga wa Wazulu unaohusishwa na Mfalme Dinuzulu, ambao Baden-Powell aliupata katika vita vya nchi ya Wazulu, Afrika Kusini ya leo, mwaka 1888. Pembe ya tandala iliyowaamsha wavulana kule Brownsea nayo aliipata vitani, katika nchi ya Wamatabele, Zimbabwe ya leo, mwaka 1896. Huwaeleza watoto wangu yote mawili waziwazi. Vitu hivi vilitoka kwetu, na vilitoka kwa vita. Mtoto wa Kiafrika anayevaa skafu ana haki ya kulijua hilo, na sijaona hata mmoja aliyeipenda skafu kidogo kwa kulijua.

Jamborii ni mkusanyiko mkubwa wa skauti. Ya kwanza ya dunia ilifanyika London mwaka 1920, na hapo ndipo Baden-Powell alipotangazwa Skauti Mkuu wa Dunia. Kwa kawaida ile ya dunia hurudi kila baada ya miaka minne. Watu wengi kwetu hupenda kusema neno hilo limetokana na "jambo" letu. Mimi pia ningefurahi, lakini Wamarekani walikuwa wakilitumia kwa sherehe zenye kelele tangu karne ya 19, kabla uskauti haujazaliwa. Kuna pia mkutano wa dunia wa wale vijana wakubwa, na mwaka 2010 Kenya ndiyo iliyoupokea.

Limebaki kundi la maneno ambayo hayasemwi, huchorwa. Ishara za njia. Mshale uliopangwa kwa mawe ni "pita huku". Msalaba kama wa hesabu ya kuzidisha ni "si huku". Duara lenye nukta katikati ni "nimekwenda nyumbani", nalo huwekwa mwisho wa njia. Baden-Powell alihamia Nyeri mwaka 1938, akaishi katika kijumba alichokiita Paxtu ndani ya uwanja wa hoteli ya Outspan, akafariki hapo tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake liko palepale Nyeri, na majivu ya mkewe Olave aliyefariki mwaka 1977 yalizikwa pamoja naye. Kila Februari 22, siku waliyozaliwa wote wawili kwa miaka tofauti, skauti huadhimisha, na kwa Kenya maana yake ni mabasi yanayopanda kuelekea Nyeri. Mtoto akifika huko hutafuta jambo moja kwenye jiwe la kaburi: duara, na nukta katikati.

Bibi wa Jumamosi ile huuza mahamri na mbaazi barazani mwa nyumba ya jirani. Mjukuu akitoka shule akamkosa, huinama akachora kwa kidole kwenye vumbi mbele ya meza. Bibi akirudi hutazama chini kwanza, na akilikuta duara huanza kufunga biashara bila kumuuliza mtu mtoto yuko wapi.