Muhtasari wa siku ya mnada

Mtu akinipigia simu kuniambia malori ya magogo yameingia msituni kwao, namuuliza kwanza: "Muhtasari wa kijiji mmeuona?" Wengi hushangaa. Wanataka kunieleza habari za misumeno, na wengine wameshakusanya vijana wa kwenda kufunga njia. Mimi ni mtaalamu wa misitu, nimefanya kazi na vijiji vya Kondoa, Chemba na Singida kwa miaka mingi, na misitu niliyoiona ikipotea ilianza kupotea mezani.

Mfanyabiashara anayetaka magogo kwenye ardhi ya kijiji huomba leseni, na ombi lake hupita kwenye kamati ya uvunaji ya wilaya ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya. Kamati haizunguki nyumba kwa nyumba kuuliza. Inasoma kilicholetwa, nacho ni muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji unaosema wananchi wameridhia. Mkutano Mkuu ni wakazi wote waliotimiza miaka 18, si mwenyekiti na mtendaji wakiwa wamekaa na mgeni chini ya mwembe. Karatasi ile ikishapita, mnashindana na mtu mwenye leseni mkononi, na polisi wakiitwa msituni watakuja kuwakamata ninyi.

Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye kijiji kimoja cha Kondoa, nikausoma muhtasari wao kwa sauti mbele ya watu. Ulikuwa umekamilika: akidi, ajenda, ahadi ya madawati ya shule, mahudhurio kurasa kadhaa. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa nyuma akaniomba nirudie tarehe. Nikarudia.

"Mwanangu," akasema, "hiyo ilikuwa siku ya mnada. Kijiji kizima kilikuwa mnadani. Hao waliosaini walitoka wapi?"

Watu wakaanza kupitia majina. Kijana mmoja akakuta jina lake na saini isiyo yake. Siku hiyo alikuwa amepeleka mbuzi mnadani, na stakabadhi ya ushuru bado alikuwa nayo nyumbani, imekunjwa ndani ya daftari. Tukaitolea kopi, tukaiambatisha kwenye barua ya pingamizi pamoja na maelezo ya watu wengine waliosainiwa. Kamati ikaahirisha ombi lile. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu miombo na vyanzo vya maji, na bado naamini kila neno langu, lakini kilichosimamisha misumeno ni stakabadhi ya mbuzi.

Msitu ukiwa hifadhi ya serikali kuu au ya halmashauri, mnaingilia mlango mwingine. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 kinadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya miradi ndani ya hifadhi, na ukataji wa kibiashara umetajwa humo. Ombeni kuiona tathmini hiyo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 30 za kujibu. Ombeni kwa barua, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, maana jibu la mdomo hamtaweza kuliambatisha popote.

Na kama miti imeshaanguka, hesabuni visiki. Mninga ukikatwa unatoa utomvu mwekundu kama damu. Kisiki kibichi kinanata kidoleni, cha zamani utomvu wake umekauka na kuiva rangi. Angalieni alama ya nyundo ya misitu, ile anayogonga ofisa misitu kuonyesha mti umekatwa kihalali, kwenye kisiki na kwenye gogo. Pimeni kipenyo kwa futi kamba na mpige picha futi ikionekana, kwa sababu kila aina ya mti ina kipimo cha chini ambacho hauruhusiwi kukatwa ukiwa haujakifikia. Kisha linganisheni hesabu yenu na leseni. Nimeona visiki vikizidi leseni mara nyingi kuliko nilivyoona vikilingana nayo.

Sipingi kila uvunaji. Kijiji chenye mpango wake wa usimamizi kinaweza kuuza miti michache kwa bei nzuri na fedha zikaonekana. Kinachoniuma ni kubadilisha mninga uliokua miaka zaidi ya umri wa babu yako kwa madawati ambayo pengine hayatafika. Kondoa tunajua kilima kikivuliwa miti kinakuwaje: makorongo yalifikia hali ya serikali kuanzisha HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye vilima vya Irangi. Wazee walioswaga ng'ombe wao kuwahamisha bado wapo, waulizeni.

Pia waulizeni jirani zetu wa Babati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuufanya msitu wa Duru-Haitemba, hekta 9,000 hivi, kuwa hifadhi yake. Vijiji vinane vikakataa, vikagawana mipaka, vikatunga sheria ndogo na kuweka walinzi wao wenyewe. Mgori kule Singida ukafuata njia hiyohiyo.

Kile kijiji cha Kondoa nacho kimeandika sheria ndogo za msitu wake, sasa ziko halmashauri zikisubiri kuidhinishwa. Yule mama aliomba kiongezwe kipengele kimoja, na Mkutano Mkuu ukakipitisha: mkutano wa kujadili msitu usiitishwe siku ya mnada.