Kabla hujakata paa la gari kuweka sanrufu

Wenye magari wanaotaka sanrufu, yaani dirisha la kioo kwenye paa, huanza na swali la bei. Mimi huanza na langu: unaitaka kwa ajili ya hewa, mwanga, au muonekano? Naanza hapo kwa sababu kazi yenyewe ni kukata bati ambalo kiwanda kililiacha zima, na bati la paa likishakatwa halirudi. Litachomelewa kiraka, litapigwa puti na rangi, lakini paa kama lilivyotoka kiwandani hulipati tena bila kung'oa bati lote na kuweka jingine.

Mimi ni fundi bodi, na kazi ya mapaa na vioo ndiyo niliyoizoea kuliko nyingine zote. Hapa nawaandikia wenye magari yaliyokuja bila sanrufu na wanafikiria kuiongeza. Wengi ninaokaa nao tukapima na kujadiliana huondoka na paa lao zima, nami naona wameamua vyema.

Sanrufu za kuongeza ziko za aina tatu. Ya kwanza ni kioo kinachoinuka kwa nyuma tu, mara nyingi kwa mkono, na vingine unaweza kuvitoa kabisa. Ya pili huinuka kisha ikateleza nje, juu ya paa. Ya tatu ndiyo inayofanana na ya kiwandani: kioo hushuka kidogo na kuingia kati ya bati la paa na silingi, ile dari ya ndani ya gari. Yale mapaa ya kioo yanayoanzia mbele hadi viti vya nyuma siyahesabu. Gari la namna ile limesanifiwa hivyo tangu mwanzo, na kingo zake na nguzo zake zimeongezewa nguvu kufidia bati lililokosekana. Fundi akikuahidi kuligeuza paa la kawaida liwe vile, achana naye.

Ikiwa shida yako ni hewa, aina ya kwanza inatosha. Hewa ya moto ndani ya gari hukusanyika juu, chini ya paa. Gari likitembea, upepo unaopita juu ya kioo kilichoinuliwa hupunguza mgandamizo kwenye ukingo wa nyuma, na ile hewa ya moto inavutwa nje yenyewe. Huhitaji kufungua paa lote. Tena ukifungua lote ukiwa kwenye mwendo, utakutana na ule mngurumo mzito unaobana masikio. Hewa kwenye mdomo wa uwazi hutetemeka mara 20 hivi kwa sekunde, chini kabisa ya sauti za kawaida, ndiyo maana unausikia kifuani na masikioni zaidi ya kuusikia kama kelele. Watu huja wakidhani kuna kitu kimelegea. Dawa yake ni kikinga upepo kwenye ukingo wa mbele wa sanrufu, au kushusha kidogo dirisha la nyuma.

Mwanga una gharama yake, nayo ni joto. Uliondoa bati na silingi, ukaweka kioo, basi jua linalopiga utosini litaingia hata kama kioo kimetiwa giza. Gari likiegeshwa juani kutwa, tofauti utaiona. Kama ni lazima, chukua yenye pazia la ndani la kufunika kabisa, si wavu.

Kuna jambo ambalo watu hulisahau hadi kazi imekwisha: nafasi ya kichwa. Aina ya tatu inahitaji trei ya kukinga maji, reli za kioo kutelezea na nafasi ya kioo kuingia, na vyote hivyo hukaa chini ya bati. Silingi inashuka sentimita 3 hadi 5. Kaa kwenye kiti cha dereva jinsi unavyokaa ukiendesha, kisha pitisha ngumi kati ya kichwa na silingi. Ngumi ikibana, aina ya tatu haikufai. Mwambie na mtu mrefu kuliko wote nyumbani akae afanye hivyo hivyo.

Sasa tuingie ndani ya paa, maana hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo.

Bati la paa ni jembamba, halifiki milimita moja. Nguvu haiko kwenye bati peke yake. Iko kwenye reli mbili za pembeni juu ya milango, na kwenye mbavu zinazokatiza kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwenye magari mengi kuna ubavu karibu na usawa wa nguzo za katikati, na mwingine au miwili mbele na nyuma yake. Ninachokifanya kabla ya kukubali kazi ni kushusha silingi na kupima umbali kati ya ubavu na ubavu. Fremu ya sanrufu ikiingia katikati bila kuugusa hata mmoja, tunaendelea na mazungumzo. Ikidai ubavu ukatwe, ninairudisha silingi mahali pake na kazi inaishia hapo.

Wapo mafundi wanaokata ubavu na kusema fremu ya sanrufu itachukua nafasi yake. Haichukui. Fremu ile imefungwa kwa skrubu kuzunguka ukingo wa bati, kazi yake ni kushika kioo na kubana silingi. Haikutengenezwa kubeba gari lililopinduka. Nchini Marekani, kanuni ya uimara wa mapaa, FMVSS 216, iliongezwa makali mwaka 2009: paa la gari lisilozidi kilo 2,700 hivi linatakiwa kuhimili mzigo mara 3 ya uzito wa gari lenyewe, wakati zamani ilikuwa mara 1.5. Gari lililopita jaribio la namna hiyo lilipita likiwa na ubavu wake. Ukishaukata, hakuna aliyelijaribu tena gari lako, na wa kwanza kulijaribu utakuwa wewe na familia yako mkiwa ndani.

Halafu kuna mifuko ya hewa. Magari mengi ya siku hizi yana ile inayoshuka kama pazia mbele ya vioo vya milango. Imekunjwa na kulazwa kwenye reli za pembeni, nyuma ya silingi, toka nguzo ya kioo cha mbele hadi nguzo ya nyuma, pamoja na mtungi wake wa gesi. Ajali ikitokea, hujaa ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, na ukingo wa silingi ni lazima ukunjike kuupisha mfuko ushuke. Skrubu iliyoingia mahali pasipo pake, gundi iliyomwagika, au mrija wa maji uliopitishwa juu ya mfuko, chochote kati ya hivyo kinaweza kuuzuia au kuuelekeza kusikotakiwa. Ndiyo maana gari lenye mifuko hiyo siliwekei aina ya tatu. Fremu yake ni pana, na mirija yake ya kutolea maji hupita kwenye nguzo zile zile. Kioo kidogo cha kuinuka, katikati ya paa, mbali na kingo, hicho nitakijadili. Hata hapo waya wa betri unafunguliwa na tunasubiri kabla silingi haijaguswa. Muulize fundi wako akuonyeshe kwa kidole mtungi wa gesi uko wapi kwenye gari lako. Akibabaika, shukuru uondoke.

Maji ndiyo yanayoharibu sanrufu nyingi, na ndiyo yanayoeleweka vibaya zaidi. Watu wanaamini raba inayozunguka kioo ndiyo inayozuia mvua. Kwa aina ya kwanza na ya pili ni kweli, raba ndiyo kila kitu, na ikikauka au kupasuka inabadilishwa. Kwa aina ya tatu, raba hupunguza tu. Sanrufu hiyo imetengenezwa ikijua maji yatapita. Yakipita yanaangukia kwenye trei, na kwenye kona nne za trei kuna mirija minne: miwili inashuka kwenye nguzo za kioo cha mbele, miwili kwenye nguzo za nyuma, hadi yatoke nje chini ya gari au karibu na bawaba za milango.

Kwa hiyo kapeti likilowa, mara nyingi kioo hakina kosa lolote. Mrija umeziba kwa vumbi na majani, trei imejaa, maji yamefurika kwenye silingi. Mtu anachukua silikoni anaziba kioo pande zote. Sasa sanrufu haifunguki, na mrija bado umeziba.

Kuangalia ni rahisi. Fungua sanrufu, gari likiwa mahali palipo sawa, mimina maji kikombe kimoja polepole kwenye kona ya mbele ya trei, kisha chungulia chini karibu na bawaba ya mlango wa upande huo. Maji yanatakiwa yatoke mfululizo baada ya muda mfupi. Yakidondoka tone tone, mrija una uchafu. Yasipotoka kabisa, acha kumimina. Kuzibua, tumia uzi mnene wa nailoni unaopinda, ule wa mashine za kukatia majani. Waya wa chuma unatoboa mrija. Upepo wa kompresa nao ukiwa mkali huuchomoa mrija kwenye kiungo chake ndani ya nguzo, mahali usipopaona, na kuanzia hapo kila mvua inaingia moja kwa moja ndani. Magari mengi yana vibweta vya umeme chini ya viti au chini ya kapeti. Vikilowa, hasara yake ni kubwa kuliko bei ya sanrufu.

Ukiwa umefika hapa na bado unaitaka, basi ujue ukataji mzuri unavyoonekana. Silingi inatolewa kwanza, haikatwi ikiwa juu pamoja na bati. Mstari wa katikati ya paa unapimwa kutoka kushoto na kutoka kulia, na vipimo viwili vikipishana hata kidogo, vinarudiwa. Kiolezo kinawekwa, rangi inafunikwa kwa utepe wa karatasi, gari lote linafunikwa. Bati linakatwa kwa mashine inayolitafuna vipande vidogo bila kulipasha moto, au kwa msumeno wa umeme wenye meno laini. Grenda siitaki kabisa karibu na paa. Cheche zake ni vipande vya chuma vya moto. Vinaganda kwenye rangi na kwenye kioo cha mbele, na baada ya mvua ya kwanza unaona madoa ya kutu ya kahawia yamesambaa hadi kwenye boneti.

Chenga za bati nazo zinatakiwa kunyonywa zote kwa mashine, hata zilizoingia ndani ya mbavu. Kisha ukingo uliokatwa unapigwa tupa, unapakwa praima ya kuzuia kutu, halafu rangi, na unaachwa ukauke kabla fremu haijagusa. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, kwa sababu haionekani kazi ikikabidhiwa. Ukingo ulioachwa mtupu huanza kula kutu chini ya raba, na siku rangi inapofura juu, chini kumeshaoza. Mwambie fundi unataka kuuona ukingo kabla hajaufunika. Piga na picha.

Angalia pia umbo la paa. Paa lililojikunja sana haliendani na fremu iliyonyooka. Fundi atakaza skrubu hadi bati libonyee ili raba ikae, na maji yatatuama kwenye hicho kibonyeo.

Kuhusu kioo chenyewe: kuna kilichoimarishwa kwa joto, ambacho kikivunjika kinamwagika punje punje, na kuna cha tabaka mbili zenye utando wa plastiki katikati, kama kioo cha mbele, ambacho kikivunjika kinabaki kimeshikana. Chukua cha pili kama kinapatikana kwa saizi yako. Mwaka 2017 jarida la Consumer Reports la Marekani lilihesabu malalamiko 859 ya vioo vya paa kupasuka ghafla, yaliyokuwa yamefikishwa kwa mamlaka ya usalama wa magari ya nchi hiyo. Utando wa katikati pia huzuia karibu miale yote ya jua inayounguza ngozi. Lakini usidhani utando huo ni mkanda wa kiti. Gari likipinduka, asiyefunga mkanda anaweza kutupwa nje kupitia paa, na mtoto aliyesimama kichwa kikiwa nje ya sanrufu hana kinachomshika hata kwa breki ya kawaida.

Yenye mota, hakikisha kioo kinarudi nyuma chenyewe kikikutana na mkono, na swichi haifanyi kazi ufunguo ukitolewa.

Bima waambie kabla ya kukata, kwa maandishi, maana hayo ni mabadiliko ya bodi. Na kama gari bado lina dhamana ya kiwanda, uliza dhamana ya kutu itabaki vipi kwenye paa.

Kama unapanga kubadilisha gari hivi karibuni, ushauri wangu ni usubiri ununue lililotoka kiwandani na sanrufu. Ukienda kuliangalia lililotumika, anza na silingi: kona za mbele na za nyuma zisiwe na doa la kahawia. Vuta kapeti chini ya miguu ya abiria wa mbele, bonyeza kwa kidole sponji iliyo chini yake, maana juu panaweza kuwa pakavu na chini pamelowa. Kisha fungua sanrufu, mwombe muuzaji kikombe cha maji, ujaribu kona zote nne. Muuzaji akikataa, lihesabie gari hilo kuwa linavuja.