Je, wajua kwa nini helikopta ndogo ya kuwinda vifaru vya vita huganda angani baada ya kufyatua kombora?

Tazama mazoezi ya Hughes 500MD Defender, ile helikopta yenye umbo la yai ambayo jeshi la Kenya liliinunua mwishoni mwa miaka ya 1970. Inachomoza nyuma ya kilima, inafyatua TOW, kombora la Kimarekani la kuvunja vifaru, halafu haikimbii. Inabaki ikielea, pua imekielekea kifaru, hadi kombora litue. Kwa shabaha iliyo mita 3,000 mbali, hizo ni kama sekunde 15. Kwa mita 3,750, ambao ndio mwisho wa waya wa matoleo ya baadaye, ni sekunde 20 hivi. Vitani muda huo ni mrefu mno.

Sababu ni kwamba kombora lenyewe ni kipofu. Halioni kifaru wala halijui kiko wapi. Nyuma yake lina vibweta viwili vya waya mwembamba wa chuma unaofunguka kadiri linavyokwenda, kama buibui anavyotoa uzi akishuka kutoka darini. Mkiani kuna pia taa ya mwanga usioonekana kwa macho. Mpiga kombora, anayeketi kando ya rubani, ana kazi moja tu: kuweka alama ya msalaba iliyo ndani ya darubini juu ya kifaru na kuishikilia hapo. Kifaa kilichounganishwa na darubini hiyo huitafuta ile taa, hupima kombora limepotoka kiasi gani kutoka mstari wa shabaha, na kompyuta hupeleka masahihisho kupitia waya hadi kwenye mapezi ya kombora. Darubini ikipoteza shabaha, kombora linakwenda lisikojua. Kwa hiyo helikopta inaweza kusogea kidogo na kugeuka kidogo, lakini haiwezi kujificha.

Mtindo huu ulipata sifa huko Vietnam. Mei 1972, karibu na mji wa Kontum, helikopta za Marekani aina ya UH-1B zilizofungwa TOW zilianza kuharibu vifaru vya Vietnam Kaskazini. Wafaransa walikuwa wametangulia miaka mingi kwa kombora la SS.11 kwenye Alouette, ila lile mpiga kombora aliliongoza mwenyewe kwa kijiti cha mkono, akitazama kombora na shabaha kwa pamoja. Ilihitaji mazoezi mengi sana, na mkono ukitetemeka kombora lilichimba ardhi. Kwa TOW, na kwa HOT ya Wafaransa na Wajerumani, mtu anatazama shabaha tu. Kombora linashughulikiwa na mashine.

Sasa, kwa nini mtu athubutu kuganda mbele ya jeshi la vifaru akiwa ndani ya chombo ambacho risasi za bunduki kubwa hupenya upande mmoja na kutokea wa pili? Jibu liko kwenye hesabu ya umbali. Mlinzi mkuu wa vifaru vya Kisovieti miaka hiyo alikuwa Shilka, gari lenye mizinga minne ya milimita 23 na rada yake. Mizinga hiyo hufika mita 2,500. TOW hufika mita 3,750 na HOT mita 4,000. Helikopta ikikaa kwenye ile kilomita moja ya ziada, Shilka inaiona na haiwezi kuifikia. Ndiyo maana rubani hodari hasogei karibu ili apate uhakika wa kulenga. Karibu ndiko kuna hatari, na kombora halipotezi usahihi wake mwingi kwa umbali.

Kinachobaki ni kuonekana kidogo iwezekanavyo, na hapa mahali pa darubini ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kwenye 500MD ya TOW, darubini iko puani. Ili mpiga kombora aone juu ya kilima, pua nzima lazima itokeze, na juu yake kuna chumba cha rubani na rota inayozunguka. Wafaransa kwenye Gazelle, na Wajerumani kwenye Bo 105 yenye HOT sita, waliweka darubini juu ya paa. Mwili ukabaki nyuma ya miti, kikatokeza kichwa na rota. Baadaye likaja wazo bora zaidi: kuweka darubini kwenye tufe juu ya rota kabisa, kama ilivyo kwenye OH-58D ya Marekani, chombo kizima kikabaki kimefichwa wakati wa kuchungulia. Kwa maoni yetu, kati ya Gazelle na 500MD zenye kombora linalokaribiana uwezo, ile ya darubini ya paani ndiyo salama zaidi kwa rubani, hata kama injini zao zingelingana.

Kuhusu injini, hapo ndipo Afrika Mashariki inapoingia. Kuelea mahali pamoja, juu na mbali na ardhi, ndiyo kazi inayokula nguvu kuliko zote. Helikopta ikikimbia mbele rota hupata hewa mpya na kazi hupungua. 500MD ina injini ya nguvu ya farasi 420 na uzito wake wa juu ni kilo 1,361. Toa humo watu wawili na vifaa vyao, tangi la mafuta lenye lita 240 hivi, darubini na mitambo yake, na makombora manne ya karibu kilo 19 kila moja bila kuhesabu mirija na vishikizo. Usawa wa bahari, Mombasa, hesabu inakubali. Peleka mzigo huohuo Nanyuki, mita 1,900 juu ya bahari, mchana wa nyuzi 25: hewa ina uzito wa takriban asilimia 77 tu ya hewa sanifu ya usawa wa bahari, na helikopta inajisikia kama iko mita 2,700. Rota inashika hewa kidogo na injini nayo inavuta hewa kidogo, yaani hasara mbili kwa wakati mmoja. Rubani ana njia mbili: apunguze mafuta au apunguze makombora. Akilazimisha, mzunguko wa rota unaanza kushuka, rota ya mkia inakosa nguvu ya kuzuia mwili usizunguke, na pua inaanza kwenda kwa hiari yake wakati kombora likiwa bado njiani.

MD 530F, jamaa yake wa karibu, ilitengenezwa mahsusi kwa joto na mwinuko. Ina injini ya nguvu ya farasi 650 na rota ndefu zaidi. Kenya ilipokea sita Januari 2020.

Mengine yanayoharibu shambulio ni ya kawaida, na mengi yanatokana na waya au darubini. Waya ukipita juu ya nyaya za umeme au kunasa kwenye matawi, unakatika, na kombora linaanguka. Vumbi linalotimuliwa na rota kwenye ardhi kavu huziba darubini, kwa hiyo kwenye nyika rubani hulazimika kuelea juu zaidi, na hapo anaonekana zaidi. Moshi wa kifaru cha kwanza kinachoungua huficha cha pili. Kombora likishatua, mabaki ya waya hukatwa na kisu kidogo kilicho kwenye mtambo wa kufyatulia. Mtu asithubutu kugeuka na kuondoka kabla ya hapo, kwani kilomita tatu za waya wa chuma si kitu cha kuburuta karibu na rota ya mkia.

Halafu adui naye alijifunza. Mwaka 1982 Wasovieti waliingiza jeshini Tunguska, gari la kutungua ndege lenye makombora yanayofika kilomita 8 na kwenda kwa kasi zaidi ya maradufu ya TOW. Ile kilomita moja ya usalama ikafutika: helikopta iliyoganda mita 3,500 ingepigwa kabla kombora lake halijafika. Kisha vikaja vifaru vyenye Shtora, taa nyekundu mbili kando ya mzinga zinazoiga ile taa ya mkiani mwa kombora. Kompyuta hupokea taa ya uongo, huona kombora limepotoka wakati liko sawa, na kulisahihisha hadi likakosa. TOW 2 tayari ilikuwa imeongezewa taa ya pili ya joto iliyo vigumu zaidi kuigwa.

Jibu kamili zaidi lilikuwa kuachana na waya. Kombora la Kimarekani la Hellfire hufuata nukta ya leza, hufika kilomita 8, na nukta hiyo inaweza kuwekwa na askari aliye chini au helikopta nyingine, kwa hiyo aliyefyatua yuko huru kushuka nyuma ya kilima mara moja. Tatizo kwa helikopta ndogo ni kwamba Hellfire moja ina uzito wa zaidi ya kilo 45. OH-58D yenye nafasi ya Hellfire nne ilikutana na hesabu ileile ya Nanyuki kwenye joto la Iraki na milima ya Afghanistan, na mara nyingi iliruka na pungufu ya hizo.